Fisi Kaingia Kamatini

Tangu juzi Jumatatu sipiti tena Soko Kuu. Nyanya nanunua Lizaboni, kwa bei ya juu kidogo, kwa mama ambaye hanijui na hana ndugu anayeoa mwaka huu. Pale Soko Kuu muuza nyanya wangu ni mjumbe wa kamati, muuza mchele ni mjumbe wa kamati, na yule kijana wa mifuko, ambaye si mjumbe wa kitu chochote duniani, ndiye aliyenipokea kwa sauti ya kuwasikilizisha watu wa bodaboda: "Katibu! Vipi, fisi kapatikana?"

Hajapatikana. Na kwa jinsi vyombo vya mtandaoni vilivyotengenezwa, hatapatikana.

Kamati ni ya harusi ya mdogo wangu. Mwenyekiti ni Baba Mdogo, mstaafu, mtu aliyewahi kupelekwa Dodoma kwenye semina ya uwazi na uwajibikaji na tangu siku hiyo hajapona. Ndiye aliyeamuru kaunta buku iwekwe kando. Michango yote, akasema, iingie kwenye jedwali la mtandaoni, lile la bure wanalotumia maofisini, na kila mjumbe apewe linki aandike ahadi yake kwa mkono wake mwenyewe. "Asije mtu hapa akasema katibu kamwandikia uongo." Kikao kikapiga makofi. Nikaagizwa nilifungue kwa namna ambayo yeyote mwenye linki anaweza kuandika, nikafungua. Nikaagizwa niiweke linki kwenye grupu la WhatsApp, nikaiweka. Grupu lenyewe lina wajumbe, lina wakwe, lina watu ambao hakuna anayekumbuka nani aliwaingiza, na lina yule bwana wa spika aliyepiga muziki kwenye harusi nyingine kabisa na mpaka leo hajatoka.

Jumapili jioni tukakutana kwenye darasa tuliloazima Bombambili. Projekta ya kuazima, kompyuta ya mpwa wangu wa kidato cha tano, intaneti kutoka kwenye simu yangu. Ilikuwa baridi ile ya Julai inayoshuka kutoka Matogoro, kila mtu kajifunika koti, na makoti hayo nayataja kwa makusudi kwa sababu chini yake kulikuwa na simu. Ukutani likatokea jedwali: Jina, Ahadi, Alichotoa, Salio. Chini kabisa, Jumla, inayojikokotoa yenyewe. Shangazi akavaa miwani. Baba Mdogo akatutazama mmoja mmoja kwa furaha ya mtu aliyemaliza ufisadi nchini.

Mara, pembe ya juu kulia, vikaanza kuchomoza viduara vya rangi, na ndani ya kila kiduara mchoro wa mnyama. Mpwa wangu akaelekeza mshale juu yake, maandishi ya Kiingereza yakatokea, naye akatafsiri kwa sauti ya darasani: "Tembo asiyejulikana. Kiboko asiyejulikana. Fisi asiyejulikana."

"Fisi kafuata nini?" akauliza Shangazi.

Nilijaribu kueleza. Ukifungua jedwali kwa linki ya wazi, mtu anayeingia bila kualikwa kwa jina haonekani kwa jina. Mashine inampa mnyama. Hachagui, anapewa, na akitoka akarudi anaweza kupewa mwingine. Kwenye orodha yao wamo wa kawaida, twiga, chui, tembo, na wamo wa ajabu: kapibara, panya wa Amerika Kusini aliye mkubwa kuliko panya wote, kwaga, ndugu wa pundamilia ambaye wa mwisho wao alikufa mwaka 1883, hata kraken, dubwana la baharini ambalo halijawahi kuwepo. Aliyebuni jambo hili, nadhani, alikuwa anawaza ofisi ya vijana wanaotaniana. Hakuwaza Ruvuma, mkoa ambao tembo wanapita kweli Namtumbo na Tunduru wakienda Niassa ng'ambo ya Msumbiji. Wala hakuambiwa kwamba huku kwetu fisi ana wenyewe. Bibi mmoja wa upande wa wakwe alikuwa ameshaanza kukusanya kitenge chake aondoke.

Aliyeanza ni Kiboko. Alishuka polepole mpaka kwenye mstari wa Mjomba wa Mbinga, ambaye msimu wa kahawa ulipokuwa mzuri aliahidi laki tano mbele ya watu. Kisanduku kikazungukwa na rangi ya kijani, kikatulia, kisha 500,000 ikawa 50,000. Hakuna aliyepumua. Mjomba alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono yote miwili ndani ya koti, anatazama dari. Hapo Tembo, sijui ni nani na Mungu ambariki, akairudisha sifuri. Kiboko akaiondoa. Tembo akairudisha. Kule chini Jumla ya harusi nzima ikawa inapanda na kushuka kwa laki nne na nusu, na Shangazi akawa anaifuata kwa sauti: "Tuna ng'ombe… hatuna ng'ombe… tuna ng'ombe…"

Muda wote huo Fisi alikuwa ametulia kwenye kona. Watu wa porini wanasema ndivyo alivyo.

Kisha akaanza kushuka. Alipita mstari wa Mwenyekiti bila kugusa. Alipita wa Mama Mhazini. Alifika kwenye mstari wangu akasimama. Ahadi: 300,000. Alichotoa: 20,000. Mstari mzima ukageuka mwekundu. Mbele yake ikazaliwa safu mpya ambayo mimi sikuiweka, ikaandikwa juu "MAONI", na chini yake, kwa mkupuo mmoja, kwa herufi kubwa: "HUYU NDIYE ANAYETUPIGIA SIMU SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI KUTUKUMBUSHA."

Na hapo hapo bando likaisha.

Naomba msomaji aelewe maana ya hilo kiufundi. Jedwali la mtandaoni likikosa intaneti halifungi ukurasa. Linauacha kama ulivyo na kuanza kujaribu kuunganisha, na mpaka lifanikiwe halikubali kuguswa, isipokuwa uwe ulishaliandaa mapema kwa kazi za nje ya mtandao. Mpwa alibonyeza kufuta, likagoma. Akabonyeza kuondoa rangi, likagoma. Kwa hiyo mstari wangu uliganda ukutani, mwekundu, urefu wa mita mbili. Mtu mwenye huruma alipendekeza tuzime projekta. Baba Mdogo akakataa: taa yake ikizimwa ni lazima ipoe kwanza ndipo iwashwe, tutachelewa. Tukajadili keki chini ya maandishi yale. Tukajadili MC. Tukajadili kama lizombe ichezwe kabla au baada ya chakula, na kila aliyesimama kuchangia hoja alianza kwa kugeuka kutazama ukuta, kana kwamba kuna kifungu anakinukuu. Nilimwomba Mama Mhazini anirushie bando la elfu moja. Akasema kwa ile sauti yake ndogo ya kanisani: "Ningekurushia, katibu, ila sijui utalirudisha au utaahidi kulirudisha."

Usiku ule, kwa kuwa usingizi haukuja, nilisoma jinsi kitu kile kinavyofanya kazi, kwa bando jipya nililonunua mwenyewe. Na hapa nikiri kwamba hasira ilinitoka kwa muda, maana ni jambo zuri ajabu.

Zamani kidogo, kila mtu wa ofisi anakumbuka, kazi ya pamoja ilikuwa flashi. Unaandika, unamkabidhi mwenzako flashi, anaongeza yake na virusi, anarudisha, na mwisho wa mwezi kuna faili inaitwa "bajeti mpya", nyingine "bajeti mpya ya mwisho", na nyingine "bajeti ya mwisho kabisa 2", na ile iliyopelekwa kwa mkuu siyo mojawapo ya hizo. Wazo la kuweka maandishi mahali pamoja na watu wote wakaandika humo humo lilionekana rahisi mpaka watu walipojaribu. Njia ya kwanza ilikuwa kufunga: mmoja akiandika, wengine wangoje. Lakini wanadamu hawangoji.

Tatizo lenyewe ni hili. Tuseme kuna waraka wenye neno moja tu, "mbusi". Mimi niko Bombambili, naona kosa, natoa amri: futa herufi ya 4, weka z. Sekunde hiyo hiyo Shangazi yuko Lizaboni, anaongeza maneno mbele: "Zawadi ya". Amri yake ikatangulia kufika. Yangu inafika nyuma, bado inasema "herufi ya 4", na herufi ya 4 sasa ni a ya "Zawadi". Mashine tiifu ingeharibu zawadi na kumwacha mbusi alivyo. Wala si kosa la yeyote: wote wawili tulisema kweli, kila mmoja kwa waraka aliokuwa akiuona.

Dawa yake ni kwamba amri haifuatwi kama ilivyotamkwa. Inapofika, mashine inauliza: wakati huyu anasema haya, alikuwa anaona nini, na tangu hapo kumeongezeka nini? Shangazi kaongeza herufi kumi mbele, ukihesabu na nafasi. Basi "futa ya 4" inageuzwa kuwa "futa ya 14", na s ya "mbusi" inaondoka ilipo. Kule kwangu nako amri ya Shangazi inafanyiwa hivyo hivyo. Mwisho wa yote, skrini zetu mbili zinasema neno moja, ingawa tulizungumza kwa wakati mmoja na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Nilikaa kitandani nikawaza vikao vyote nilivyowahi kuhudhuria katika manispaa hii.

Waliolifikiria hilo ni Clarence Ellis na mwenzake Gibbs, waliochapisha andiko lao mwaka 1989 wakiwa Austin, Texas, miaka mingi kabla ya kuwa na tovuti ya kulitumia. Na huyu Ellis ndiye aliyenimaliza. Mtoto wa Chicago, mweusi, akiwa na miaka 15 alipata kibarua cha ulinzi wa usiku kwenye kampuni moja iliyokuwa na kompyuta. Masharti: azuie wezi, na asiiguse mashine. Hakuigusa. Alisoma vitabu vyake vya maelekezo, usiku baada ya usiku, mpaka siku kampuni ilipoishiwa kadi za kutoboa na mishahara ikakwama, na mtu pekee aliyejua namna ya kuifanya mashine izipokee kadi zilizokwisha kutumika akawa mlinzi. Mwaka 1969 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa falsafa katika sayansi ya kompyuta. Uzeeni alikwenda kufundisha chuo cha Ashesi, Ghana, na alifariki 2014. Nawaza walinzi wetu wa usiku pale benki, na blanketi zao, na kwamba hakuna anayewaachia kitabu chochote.

Baada ya andiko lile miaka ikapita, kisha mambo yakaenda haraka. Mwaka 2005 watu wachache walitengeneza Writely, mahali pa kuandikia ndani ya kivinjari. Machi 2006 Google ikainunua, na Juni ya mwaka huo huo ikatoa na jedwali. Kutoka hapo mpaka Shangazi ni hatua chache.

Ila jedwali, na hili nililielewa kama saa nane usiku, si waraka. Ndani ya kisanduku kimoja hakuna busara ya kugeuza amri. Mimi nikiandika laki tano na wewe ukiandika elfu hamsini, mashine haitafuti suluhu katikati. Aliyefika mwisho ndiye anayesimama. Kiboko na Tembo wangeweza kuendelea mpaka Krismasi. Na njia wanayopita! Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Sifuri yake ilitoka ndani ya koti, ikapanda mnara, ikashuka Dar es Salaam, ikaingia kwenye kebo chini ya Bahari ya Hindi, ikaenda kwenye kompyuta za watu nje ya nchi, ikarudi njia ile ile, ikaonekana ukutani kabla hajamaliza kutazama dari. Mei 12, 2024, kebo mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika baharini na Tanzania nzima ikachechemea, nilinung'unika kama wengine. Sasa najua kuna akina mjomba walipumzika siku ile.

Jambo linalonikera haliko kwenye mashine. Kaunta buku ilikuwa na adabu. Ahadi ya harusi, kila mtu mzima Songea anajua, haikuwekwa ili ilipwe yote. Mjomba aliposema laki tano hakuwa anadanganya. Alikuwa anamheshimu kijana, anaiheshimu mbolea aliyoiweka kwenye mibuni, na anawaheshimu wakwe waliokuwa wakisikiliza. Atatoa laki moja na nusu, na kuku, na siku mbili za kuchinja na kupasua kuni ambazo hazina safu. Katibu wa daftari alilijua hilo. Alisoma majina kwa sauti ya chini, akifika pabaya anakohoa, anafunua kurasa mbili kwa pamoja, na harusi zikafanyika. Miaka na miaka watu wamekula wali wa kikohozi kile. Jedwali halikohoi. Linaweka Ahadi hapa, Alichotoa pale, na kati yao linaweka Salio ambalo hakuna aliyeliomba, ila limo kwenye hesabu.

Na uwazi wenyewe ulimpata nani? Mimi nilikuwa na jina. Mjomba alikuwa na jina. Aliyeandika hakuwa nalo. Nilifungua historia ya mabadiliko, maana vyombo hivi vinatunza kila kitu, saa na dakika, unaweza kurudi nyuma ukaiona sifuri inazaliwa na kufa. Lakini walioingia bila jina wameandikwa wote kwa pamoja kwenye fungu moja, la wasiojulikana. Tembo mwema, Kiboko, Fisi, kundi moja. Tumejengewa nyumba ambayo mwenye jina yuko uchi na asiye na jina kavaa koti. Baba Mdogo anasema huo ndio uwajibikaji. Juzi kwenye grupu ameandika kwamba kamati inasikitishwa na udhaifu uliojitokeza ofisi ya katibu, na watu wanane wameweka alama ya dole gumba. Elfu ishirini yangu nilikuwa nimeitoa taslimu, na nauli zote za Mbinga na Namtumbo kufuata michango ya wengine nimetoa mfukoni. Nazo hazina safu.

Yaliyofuata ni madogo. Kikao cha dharura cha video, cha bure, kilikatika dakika ya 40 Baba Mdogo akiwa katikati ya neno "nidhamu". Barua pepe yangu ilikataa kupokea ankara ya ukumbi kwa sababu gigabaiti zote 15 za bure zimejaa, nyingi zikiwa nakala za picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema yenye baraka". Simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo.

Kwa hiyo Jumanne nilikwenda steshenari moja Mfaranyaki kufanya jambo dogo tu: kuingia kwenye akaunti yangu na kuondoa ruhusa ya kila mtu kuandika. Nenosiri nilikuwa nalo. Mashine ikasema hainitambui kwenye kompyuta ile, imetuma tarakimu sita kwenye simu yangu inayoishia na 47. Laini ya 47 ilizimwa mwanzoni mwa 2020, wakati wa usajili wa alama za vidole, namba yangu ya kitambulisho ikiwa bado haijatoka licha ya foleni nilizopanga. Nikatafuta mahali pa kumweleza mtu. Hakuna mtu. Kuna ukurasa unaokuuliza kama maelezo haya yamekusaidia. Ingekuwa benki ningesimama dirishani mpaka wanichoke. Ingekuwa halmashauri ningemfahamu binamu ya mtu. Hiki chombo kimebeba harusi ya familia yetu na hakina hata karani wa kugombana naye, na nikilalamika naambiwa ni cha bure, mimi niliyenunua bando mara mbili tangu Jumapili.

Huku nyuma jedwali liko wazi. Fisi ameongeza safu ya "TABIA".

Nikapiga ile namba ya 47 kwa simu ya mpwa wangu. Inatumika, alipewa mtu mwingine, bwana mmoja wa Kahama mwenye sauti ya utulivu. Alinisikiliza vizuri sana kuhusu harusi, na fisi, na Baba Mdogo, mpaka nilipofika kwenye maneno "sasa naomba unitajie hizo namba sita zilizoingia." Alinitukana kwa ufasaha. Siwezi kumlaumu, redio zote zimemfundisha hivyo. Nikamwandikia ujumbe mrefu wa kumwomba radhi na kueleza upya, nikamtumia na picha ya kadi ya mwaliko. Jana usiku amejibu. Ameelewa, yuko tayari kunisaidia, na namba anazo. Ila kwanza nimtumie elfu kumi ya usumbufu, kwenye namba hii hii.